Rangi ya Majivu Niliyoizima

Jumamosi, Kasulu. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa mbili, ikarudi saa nne kana kwamba kuna kitu ilisahau. Baridi. Nimevaa soksi ndani ya nyumba, jambo ambalo mama yangu kule Tanga angelicheka mpaka akae chini.

Hali yangu: nimetulia, kwa namna isiyo nzuri.

Naandika haya mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa nimechoka. Blogu hii inasomwa na watu wachache, na nusu yao ni dada zangu. Basi na wao wajue.

Kazi yangu ni kusanifu mifumo inayoendesha mitambo ya viwanda. Vinaitwa viwanda, lakini huku kwetu ni bati, matangi, pampu na umeme unaokuja ukipenda. Kiwanda cha kwanza nilichopewa ni cha unga wa muhogo kule Makere. Muhogo unafika, unamenywa, unalowekwa kwenye matangi, unakaushwa, unasagwa. Mengi ya hayo mtu anayaelewa kwa kuangalia tu. Kuloweka ndiko kwenye maneno.

Muhogo wa huku mwingi ni mchungu, na uchungu wake ni sumu. Ukilowekwa vya kutosha, maji yanachachuka, muhogo unalainika, sumu inatoka. Ukitolewa mapema, ugali wake unamfanya mtu atapike na kuyumba, na mtoto ndiye huanza. Kila mama wa Kasulu na Kibondo anajua hilo kabla ya kuolewa. Mimi nilijifunza kwenye faili la mradi, ukurasa wa tatu.

Programu ninayotumia inapangwa kwa moduli. Pampu ina moduli yake, vali ina yake, tangi lina yake. Unaiburuta kutoka kwenye maktaba ya programu, unaiweka kwenye skrini, unaiunganisha na mwenzake kwa mstari, na taratibu kiwanda kizima kinakaa mbele yako kikiwa kisafi, bila matope wala inzi. Ukimaliza kiwanda kimoja, unanakili chote, unabandika, unabadilisha majina, unapata kiwanda cha pili. Naipenda sana programu hii. Nilitumia jioni nyingi peke yangu nayo na sikuwahi kujiona mpweke.

Kuna moduli moja ya kuigiza. Kifaa kikichelewa kufika, unaweka moduli hiyo mahali pake, nayo inatoa namba nzuri nzuri ili uweze kujaribu mfumo uliobaki. Programu inajua kuwa hizo ni namba za uongo, kwa hiyo inazionyesha kwa rangi ya majivu. Namba za kweli ni za kijani.

Kipima uchachu cha Makere, kile kinachozama kwenye maji ya muhogo na kusema yamechachuka kiasi gani, kilichelewa. Uzinduzi haukuchelewa.

Nikaweka moduli ya kuigiza. Siku moja kabla ya mgeni rasmi kuja kukata utepe, Meneja wangu kutoka Kigoma mjini aliitazama skrini akaniuliza mbona katikati pana rangi ya majivu, inatia huzuni. Nilimweleza. Alisema sawa, lakini haipendezi kwenye picha. Nikaenda kwenye mipangilio nikaizima ile rangi. Kila kitu kikawa kijani. Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi, nami nilipigwa picha nikionyesha tangi la nne kwa kidole.

Ningependa kuandika kwamba nilisahau kuirudisha. Ni kweli nilisahau. Lakini kabla ya kusahau nilijua.

Kifaa chenyewe kilikuja wiki chache baadaye, kwenye boksi la kahawia. Nilisaini, nikaliweka juu ya meza yangu hapa Kasulu, nikasema nitakwenda kukifunga nikipata nafasi. Mambo yakawa mengi. Tangu siku ile naweka chupa ya chai juu ya boksi hilo, kwa sababu urefu wake unafaa.

Sasa ya leo.

Asubuhi Meneja alinitumia ujumbe. Barua za akina mama wawili wa matangi ya Makere zitatoka Jumatatu, anasubiri neno langu tu. Akamalizia kwa neno moja: Thibitisha.

Barua hizo ni za kuwaachisha kazi. Mapendekezo niliyaandika mimi. Niliandika kwamba tangu uzinduzi kila tangi limekuwa tayari siku ya tatu kamili, bila kupitiliza, kwa hiyo usimamizi wa mikono kwenye kuloweka hauhitajiki tena. Sentensi hiyo niliipenda. Niliisoma kwa sauti.

Na Jumatano naanza kufunga mfumo huo huo kwenye kiwanda kipya cha Kitahana, upande wa Kibondo. Kule vali zitajifungua zenyewe moduli ikisema tayari. Hakutakuwa na mtu kwenye matangi. Makere ndiyo iliyothibitisha kuwa inawezekana.

Nikakaa na chai yangu, nikaanza kunakili Makere kwenda Kitahana. Programu ikaniuliza: moduli moja ni ya kuigiza, niendelee? Nikabofya Ndiyo kwa mazoea, nikainuka kwenda kuongeza sukari.

Nilirudi na kijiko mkononi.

Nilisoma ujumbe ule tena kwenye kumbukumbu ya programu, herufi kwa herufi. Kisha nikafungua grafu ya uchachu ya Makere, tangu siku ya uzinduzi mpaka leo. Mstari mzuri, unapanda vizuri, unafika pale pale siku ya tatu, tangi baada ya tangi, wiki baada ya wiki, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Maji ya kweli hayafanyi hivyo. Hata mimi wa Tanga najua kuwa kwenye baridi vitu vinachelewa kuchachuka. Niliutazama mstari huo tangu uzinduzi nikauona ni ushahidi wa ubora wa kazi yangu.

Kitu cha kwanza nilichokiwaza hakikuwa sumu. Nakiri. Nilichowaza kwanza ni ile picha yangu na kidole.

Cha pili kilikuwa sumu, nikaogopa. Unga wa Makere umeuzwa na umeliwa. Mimi mwenyewe nimeula kwa samaki wa mgebuka pale mtaani. Mbona hakuna aliyeugua? Jirani yangu ni muuguzi wa hospitali ya Kabanga. Nilikwenda kugonga mlango wake na soksi zangu, nikamuuliza kama amesikia watu kutapika kwa sababu ya unga wa muhogo miezi hii. Alinitazama kama mtu anayeulizwa habari za mwezini. Akasema hapana, akaniuliza nimekula nini.

Nikachukua bodaboda kwenda Makere na boksi mapajani, kwenye mvua.

Njiani nilikuwa nimeshapata mpango, na ulikuwa mpango mzuri sana. Nafunga kifaa cha kweli leo. Naitoa moduli ya kuigiza. Kuanzia leo namba ni za kweli, Kitahana inapata mfumo sahihi, hakuna mtu anayedhurika, hakuna anayejua. Rangi ni ya kijani kabla na ya kijani baada. Barua zinatoka Jumatatu kama zilivyopangwa, kwa sababu kifaa kipo sasa, na mapendekezo yangu yanakuwa kweli, yamechelewa kidogo tu. Nilipopita mizani ya malori barabarani nilikuwa nimeshajisamehe.

Akina mama wenyewe ni wawili. Mama Esperansi ni mtu mzima, wazazi wake walivuka kutoka Burundi na yeye mgongoni. Sasa ni raia, ana shamba lake na maharage yake, na hapandishi sauti. Skola ni Muha wa hapo hapo Makere, mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, na sauti anaipandisha. Hakuna aliyeshangaa kuniona nikiwa nimelowa. Mama Esperansi alinisalimia kwa Kiha, “Mwakeye,” akanipa kigoda na kipande cha kitenge nijifute.

Tangi la nne lilikuwa limejaa. Skrini ukutani ilisema: tayari tangu alfajiri. Nikachungulia ndani. Muhogo ulikuwa bado umo, majini, umetulia.

Nikauliza mbona haujatolewa.

Skola akamtazama Mama Esperansi. Mama Esperansi akatazama mlango.

 Kisha akatumbukiza mkono tangini, akatoa kipande, akanipa. “Bonyeza na dole gumba, Injinia.” Nikabonyeza. Kilikuwa kigumu katikati. Akasema kwa baridi hii mpaka kesho, labda keshokutwa asubuhi. Akasema dole likiingia mpaka kwenye uzi wa katikati bila kubishana, ndipo unatoa.

Nikauliza, na skrini je?

“Ego, ndiyo, ile huwa inasema mapema,” akajibu, taratibu, kama anayemsema vibaya mtoto wa mwenzake. “Ikilia tunabonyeza Kubali, inanyamaza. Halafu tunaendelea.”

Tangu lini?

Tangu siku ya kwanza.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na nikatamani nisingeelewa. King'ora kinalia. Wanabonyeza Kubali. Mfumo unaandika: tangi tayari, siku ya tatu kamili. Muhogo unabaki majini siku moja zaidi, au mbili. Matangi yako sita na muhogo unaoletwa unajaza manne, kwa hiyo hakuna mlolongo uliokwama, hakuna aliyeuliza. Watu wa Kasulu wamekula unga salama kwa sababu wanawake wawili hawakuiamini kazi yangu na walikuwa na adabu ya kutosha wasiniambie.

Walinionyesha nyuma ya mlango wa stoo. Mistari ya mkaa, kila usiku mstari mmoja, kila tangi na safu yake. Mingi ni minne. Wiki ile ya manyunyu ni mitano. Zamani walikuwa wakiichora ukutani karibu na matangi, na mimi ndiye niliyeandika kwenye ripoti kwamba ukuta ule ni mchafu upakwe rangi kabla ya mgeni rasmi. Ulipakwa. Wakahamia nyuma ya mlango.

Niliwauliza mbona hawakuniambia. Nilijisikia naongea kwa ukali, kana kwamba wao ndio wenye kosa.

Mama Esperansi akasema nilikuja na vitu vingi, na wakubwa walipiga makofi, na mimi nilikuwa mgeni na nilikuwa nimefurahi. Waliona haya kuniharibia. Walijua nitaona mwenyewe siku moja, kwa sababu nimesoma.

Hapo ndipo mpango wangu mzuri ulipoanza kunuka.

Maana ningeweza kunyamaza. Walikuwa wamenisitiri wao kwanza. Nilichotakiwa ni kuendelea kusitirika. Boksi lilikuwa pale pale chini ya kigoda. Lakini nisingeweza kukifunga kifaa kile mbele yao, wanishikie tochi na bisibisi, nikijua barua ziko Kigoma mjini zinasubiri neno langu. Hiyo hapana. Hata kwangu hiyo hapana.

Nikawaambia. Nilianza na kifaa, nikaenda kwenye rangi niliyoizima, nikamalizia na barua za Jumatatu na kiwanda kipya cha Kitahana. Nilisema kwamba mapendekezo ni yangu, si ya Meneja. Nililisema hilo mara mbili, sijui kwa nini. Labda nilitaka nipongezwe kwa ukweli.

Mama Esperansi alichukua kitenge kilekile akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja. 

Skola ndiye aliyesema. “Kwa hiyo sisi tunakusitiri huku, na wewe unatuandikia barua huko.”

  Sentensi hiyo naiandika hapa kama ilivyo, ili nisije nikaipunguza.

Naona aibu. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Mama Esperansi akauliza kuhusu Kitahana. Dada yake ameolewa huko. Akataka kujua nani atashika muhogo. Nikamwambia hakuna, vali zitajifungua zenyewe. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayedhani sikusikia vizuri: lakini nani atashika muhogo?

Nikatoa kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, nikaiunganisha na mfumo. Mikono ilikuwa ya baridi, nikakosea nenosiri mara mbili. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaitafuta ile alama ndogo niliyoiondoa siku moja kabla ya uzinduzi. Ilikuwa pale pale. Hakuna aliyekuwa ameigusa; nani angeigusa?

Programu ikauliza: onyesha namba za kuigiza kwa rangi yake, pamoja na kumbukumbu zote za nyuma?

Safari hii nilisoma kabla ya kubofya.

Ilianzia mkono wa kushoto, siku ya uzinduzi, ikatembea kuja kulia. Tangi la kwanza, la pili, la tatu. Wiki zote. Kijani ikaisha yote, na skrini ya ukutani nayo ikabadilika juu yetu, na nilijua kuwa ile ya ofisi ya Kigoma mjini inabadilika vilevile, na ile iliyo kwenye simu ya Meneja. Mstari wangu mzuri ulikuwa bado mzuri, ila sasa kila mtu angeweza kuona ni wa nini.

Mama Esperansi aliitazama skrini kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama tangu ilipofungwa. Kisha akatazama ndani ya tangi.

“Sasa imefanana na maji yenyewe,” akasema.

Skola alicheka. Hakuwa amenisamehe, ilikuwa wazi, lakini alicheka, na akanishikia tochi. Kifaa tulikifunga watatu kwenye tangi la nne. Kilisoma namba ambayo sikuipenda, mbali kabisa na tayari, kwa rangi ya kijani. Mama Esperansi akabonyeza muhogo tena, akatikisa kichwa kukubali, wakawa wamekubaliana yeye na kifaa. Nikaomba ruhusa ya kupiga picha nyuma ya mlango wa stoo. Skola akasema nipige, ila nisipake rangi.

Nimerudi saa tisa. Nimebadili nguo. Faili la Kitahana nimelifuta, nimeanza jipya, na kwenye kila vali nimeshaweka moduli moja ya ziada ambayo haikuwemo: kitufe kisichofungua vali mpaka mtu aandike kuwa ameshika muhogo na dole limeingia, pamoja na jina lake. Meneja atasema inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha. Ndiyo kazi yake.

Simu iko mezani, kifudifudi. Imeita mara tatu nikiwa naandika. Chupa ya chai imesimama juu ya meza tupu, inaonekana fupi sana.

Sijui Jumatatu nitakuwa na kazi au sitakuwa nayo. Nimejiuliza kama ninaogopa, na jibu ni ndiyo, lakini kwa kiasi, kama mtu anayesubiri zamu yake dirishani. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba wakubwa watasoma maelezo yangu, watanisamehe mimi, na barua zitatoka hivyo hivyo. Watu waliosoma husameheana haraka.

Kwa hiyo kabla ya kuipokea simu nimejibu ule ujumbe wa asubuhi. Nimeambatisha grafu ya rangi ya majivu na picha ya nyuma ya mlango, kila tangi na safu yake ya mkaa. Maelezo mengine atayapata kwa mdomo. Alitaka neno langu, nimempa:

Nathibitisha kuwa tangu uzinduzi mpaka leo mchana, Makere ilikuwa na vipimo viwili tu vilivyofanya kazi, na ndivyo hivyo mnavyotaka kuviandikia barua.

Inaita tena. Naipokea.